Kingbaka cha Mama Yangu

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo haijaniacha, nami ningependa iniache. Umeniomba daftari la baba yangu ulipige picha, ujifunze Kingbaka, lugha ya wazee wetu, kwenye simu. Nitakupa. Lakini kwanza kaa unisikilize, na hiyo simu uilaze kifudifudi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa chuo hapa Minneapolis, naishi na mama kule Brooklyn Park. Tulitoka upande wa Gemena, kaskazini mwa Kongo, nikiwa mtoto, tukakaa Bukavu, mashariki, miaka mingi, na huko ulimi wangu ukawa wa Kiswahili. Mama hakubadilika. Alisema Kingbaka kwa sauti ya juu hata ndani ya basi, na watu walipogeuka kumtazama, mimi nilitazama dirishani kana kwamba simjui. Ndivyo nilivyokuwa, sijipambi.

Profesa mmoja alikuwa akikusanya sauti za lugha za kwetu. Alitaka mtu aliyekua na Kingbaka asome orodha ya maneno, kila neno mara tatu, mbele ya kinasa sauti. Akaniuliza kama mama angekubali kuja. Nikawaza kitenge chake. Nikawaza anavyopandisha na kushusha mkono akitaja neno, ili mtu asikie ipi ni sauti ya juu, ipi ya kati, ipi ya chini. Nikawaona wenzangu wakicheka. Nikasema, "Mama ni mgonjwa." Mama saa hiyo alikuwa nyumbani anatwanga sombe, majani ya muhogo, mzima kuliko mimi.

Nikaenda mwenyewe na daftari. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa kusoma na kuandika, na kila neno aliliandika kwa subira: alama za sauti juu ya irabu, herufi za pekee ɛ na ɔ kwa irabu zilizo wazi, gb na kp zimeshikana. Hiyo gb hutamkwa kwa mpigo mmoja, koo na midomo vikifunguka pamoja. Mimi niliikata vipande viwili, giba, giba, na maneno yote nikayasoma kwa sauti moja iliyonyooka, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Profesa, kama alishuku, hakusema. Mpaka leo sauti yangu ndiyo wanafunzi wanayoisikiliza wakiambiwa hicho ni Kingbaka.

Jumamosi iliyofuata profesa akaja kwetu na maua ya kumpa pole mgonjwa. Mama ndiye aliyemfungulia mlango, mikono imejaa sombe.

"Maua ni ya nini?" akaniuliza.

Niliishiwa uongo. Nikamweleza mama yote, profesa amesimama kati yetu anatabasamu bila kuelewa neno. Alipomwona mama ni mzima alifurahi kwelikweli, akatoa kinasa sauti mfukoni, akaniomba nimuulize kama angesema maneno machache tu.

Mama alinitazama sana. "Umuambie niko mugonjwa," akasema. "Njo weye ulisema. Basi, niko mugonjwa."

Akapokea maua, akayatia kwenye maji, akarudi jikoni.

Tangu siku ile hakunisemesha Kingbaka tena. Si hasira ya wiki moja, mwanangu, ni maisha yake yote yaliyobaki. Alinipikia, akaniombea, akanilelea watoto, yote kwa Kiswahili. Nikimkuta anaongea na dada yake kwenye simu, ananyamaza. Nilipoomba msamaha alisema amekwisha kunisamehe, na nadhani ni kweli, ila lugha hakunirudishia. Nilimwona katili. Sasa nami ni mzee, najua alikuwa na haki, na bado namkasirikia.

Alipokuwa anakufa, Kiswahili kilimpotea, akabaki na Kingbaka peke yake. Alinishika mkono akasema jambo, akalirudia. Nesi, binti wa Kikenya, akaniuliza, "Mum anasema aje?" Kile kidogo nilichokijua kilikwisha kunitoka kwa miaka ile yote; nilikuwa nimeelewa jina langu tu. Nikaona aibu, nikamjibu, "Anaomba maji." Tukamlowesha midomo. Akalirudia tena, kisha hakulirudia. Sijui aliomba nini.

Kwa hiyo daftari lichukue. Alama za baba ni nzuri, lakini zinamkumbusha aliyekwisha kusikia. Asiyesikia hazimwambii kitu. Nimezitazama miaka yote hii, najua. Bibi yako wewe yu hai, yuko Savage, mwendo wa nusu saa kwa gari, na kila akikusemesha Kingbaka unamjibu Kiingereza. Nenda leo. Sema vibaya mbele yake, akucheke, akusahihishe, useme tena. Usimwonee aibu mbele ya mtu yeyote, na kama ulikwisha kumwonea, kamwambie wewe mwenyewe kabla hajaambiwa na mwingine.

Nenda, mwanangu, Mungu akufungue masikio. Akuachie bibi yako miaka mingi, na siku atakapokuita kwa mara ya mwisho, umwelewe.