Fimbo Juu ya Kompyuta

Kwa miaka mingi nilikula kwa mdomo wangu, na sisemi habari za kutafuna. Nilikuwa dalali wa ng'ombe minadani, kuanzia Manyoni ninakoishi hadi Itigi, na huko Ikungi nilikozaliwa. Dalali asiyejua kusema ni mtu anayezurura tu juani. Mimi nilijua. Ng'ombe aliyekonda nilimwita mwembamba wa kiuno, mkali nilimwita mchangamfu, na muuzaji na mnunuzi wote waliondoka wakiamini kwamba nimewapendelea wao. Mke wangu, aliyekuwa akiuza chai na maandazi pembeni ya mnada, alizoea kusema kwamba siku nikifa, mdomo wangu utazikwa kesho yake.

Mdomo ukatangulia. Kiharusi kilinikuta asubuhi nikifunga kamba za viatu. Kiliuchukua mkono wa kulia, kikauvuta mguu, na ulimi kikaulaza kabisa. Akili kiliniachia. Nilisikia kila kitu na kuelewa kila kitu, lakini nilipofungua kinywa ilitoka sauti moja tu, kama ya ndama aliyefungiwa mbali na mama yake. Mguu ulirudi kidogo kidogo nikaanza kutembea kwa fimbo. Kuhusu ulimi, daktari alisema tusubiri, ila aliposema hivyo alikuwa anatazama pembeni.

Mengi niliyavumilia kuliko nilivyojidhania. Chai yangu ilijazwa sukari kwa sababu jirani alisema mgonjwa anahitaji nguvu, nami nikainywa. Wageni walizungumza habari zangu mbele yangu kana kwamba nimetoka kidogo, nikawatazama tu. Kilichonishinda ni salamu. Kwetu mtoto akikwambia shikamoo, anasubiri marahaba. Hapiti, hakai, wala haelezi alichotumwa mpaka umempa. Watoto wa mtaa wetu walisimama mlangoni wakiningoja, mimi nikawatumbulia macho, hadi mke wangu alipopaza sauti kutoka jikoni: "Marahaba, baba amesema marahaba." Hapo ndipo walipokwenda zao.

Binti yetu hakuweza kwenda zake. Anafundisha Mtwara, na kila Jumapili alipiga simu, mama yake akaniwekea sikioni. "Shikamoo baba," alisema, halafu akanyamaza. Tangu akiwa mdogo hakuwahi kuongeza neno kabla sijamjibu. Ndivyo nilivyomlea. Akiisema salamu kwa kumung'unya, nilimwambia, "Sijasikia. Rudia," naye alirudia mpaka itoke vizuri, mara nyingine akiwa amenuna. Sasa yeye akawa ananisubiri huko Mtwara, mimi nimekaa Manyoni, na kinachosikika ni pumzi zetu tu. Mke wangu aliichukua simu akamjibu kwa niaba yangu, na binti akasema asante mama kwa sauti ambayo yeyote angejua kwamba analia.

Baadaye akaacha kuomba kuzungumza nami. Akawa anauliza tu, "Baba anaendeleaje?" Nami nimekaa palepale, nasikia. Iliniuma sana. Nilitaka marahaba yake imfikie kutoka kwangu mwenyewe, kabla hajazoea kuwa na baba asiyeitika. Mengine yote ningeyasubiri.

Nilijaribu simu. Herufi zake ni ndogo na mkono wangu wa kushoto haukuzoea kazi hiyo, kila nikitaka kugusa moja nagusa na jirani zake. Meseji moja ilimfikia binti ikiwa ni m na n zilizofuatana tu, akapiga simu kwa hofu akidhani nimezidiwa. Mama yake akaninyang'anya simu kwa upole. Karatasi nayo ilinikatalia, maana mkono huo wa kushoto sikuwahi kuufundisha kuandika. Shuleni tulichapwa kwa kuutumia.

Wazo la kompyuta lilikuwa la mke wangu. Tulipokwenda mazoezi ya viungo hospitalini alimwona karani wa mapokezi akiandika kwa kidole kimoja, taratibu, huku anakunywa soda. Njiani tukirudi akaniambia, "Kama unaweza kula ugali kwa mkono huo, kidole kimoja hakitakushinda." Nilimtazama mwanamke yule nikashukuru kwamba zamani sikuishia kunywa chai yake tu.

Kaka yangu mkubwa anafuga kule Mungaa. Alipopata habari hakuuliza kompyuta ni kitu gani. Alimuuza dume wake mmoja mnadani, akapanda basi, akatukuta mimi na mke wangu stendi ya Singida mjini akiwa amevaa koti lake la kanisani. Akaniambia kwa Kinyaturu ni dume yupi ameuza, na nilimkumbuka, kwa sababu mimi ndiye niliyemtafutia akiwa bado ndama. Nilitaka kumshukuru palepale. Nilimpa mkono wa kushoto, jambo ambalo kwetu mdogo hamfanyii mkubwa, naye akaupokea kwa mikono yake miwili. Nikiwa hai sitalisahau.

Dukani tulipokewa na dada mmoja mchangamfu. "Shikamooni wazee wangu," akasema, na mke wangu akaitika kwa niaba ya wote. Alipoelezwa shida yetu, yule dada akanigeukia na kuanza kunizungumzia kwa sauti ya juu. Watu wengi hufanya hivyo. Wakiona mtu hasemi, wanadhani hasikii pia.

"Mzee wangu, chukua laptopu," akasema. "Ni nyepesi, ya kisasa, unaitumia hata ukiwa umelala."

Aliifungua mbele yangu. Herufi zake zilikuwa bapa, zimebanana. Nikaweka kidole, kikateleza kikaangukia pengine. Nikatikisa kichwa.

"Kitu chembamba hivyo hakifiki masika," kaka akasema. "Hii hapa ndiyo ina mwili."

Alikuwa amesimama mbele ya kompyuta kubwa ya mezani, boksi lake ni jeusi, ubavuni lina kioo na ndani zinawaka taa nyekundu na za buluu. Akaizunguka. Akaipiga kofi ubavuni, akainama kutazama chini yake, akaenda kuitazama kwa nyuma. Hivyo ndivyo anavyochagua ng'ombe. Dada akamwambia kwamba vijana hununua ile kwa michezo, kwa kuwa ina nguvu sana, na kaka aliposikia nguvu nikajua ameshaamua. Kibodi yake nayo iliwaka taa chini ya kila herufi. Nilipoitazama niliona rangi zinakimbizana, herufi sikuziona.

Sasa fikiria hali yangu. Aliyeamua ni kaka mkubwa, na aliyeuzwa ni dume wake. Mke wangu asingeweza kubishana na shemeji yake mbele ya watu, na mimi nisingembishia hata kama ningekuwa na ulimi wangu wote. Walianza kuzungumza habari za kuifunga iingie kwenye buti la basi.

Mimi nikasogea pembeni. Kwenye kona, kwenye rafu ya chini inayofika kiunoni, kulikuwa na kompyuta ya mezani iliyokwisha tumika, ya kijivu, imepauka kidogo. Boksi lake lilikuwa limelala, skrini iko nyuma yake, na mbele kuna kibodi nene ambayo herufi zake zimeinuka kama punje kwenye gunzi. Nikaweka kidole cha kushoto kwenye M. Kikakaa. Nikabonyeza, ikashuka kwa mlio, ikarudi juu. Nikaenda kwenye A, nikaenda kwenye R. Mashine ilikuwa imezimwa, hakuna kilichoandikwa popote, lakini kidole kilijua kwamba kimefika. Niliimaliza marahaba nzima pale gizani mwa ile skrini.

Nikawaita kwa ile sauti yangu ya ndama. Wote wakageuka.

"Amechoka," yule dada akasema. "Mleteeni kiti."

"Ana kiu huyo," kaka akasema.

Kiti kikaja, na chupa ya maji ikaja. Niligonga kibodi kwa kidole, mke wangu akadhani nachezea vitu vya watu, akanishika mkono. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Enzi zangu ningeliuza duka lile lote, na yule dada akiwemo ndani, kabla hawajamaliza kukifuta vumbi kile kiti.

Minadani kwetu tuna desturi moja. Kwa kuwa kelele ni nyingi na watu hawasikilizani, mnunuzi akishampenda ng'ombe hulaza fimbo yake mgongoni mwa yule ng'ombe. Fimbo ikilala, ng'ombe ana mtu. Mambo ya bei yatafuata, lakini hakuna mwingine wa kumsogelea, awe tajiri, awe mkubwa wako wa kuzaliwa. Nimeamulia magomvi mengi yaliyoanza kwa mtu kujifanya hakuiona fimbo.

Basi nikaegemea rafu kwa nyonga nisianguke, nikainua fimbo yangu ya kutembelea, nikailaza juu ya lile boksi la kijivu.

"Baba, itakwaruza," dada akasema.

Mke wangu alikuwa anafungua ile chupa ya maji. Akaacha. Miaka yote ile ya kumimina chai alikuwa ameziona fimbo zikilala. "Shemeji," akamwambia kaka kwa sauti ya chini, "tazama fimbo."

Kaka akatazama. Akairudia kwa macho ile yenye taa, kisha ya kijivu, na niliona inavyomuuma, maana kwa hesabu zake nilikuwa nimechagua ng'ombe mzee. Akavua kofia.

"Ameshalaza," akasema. "Dada, hiyo nyingine iache. Amechukua hii."

Sijui kama naweza kueleza furaha niliyoipata. Tangu niugue, watu walikuwa wakikisia ninachotaka, wengine kwa huruma, wengine kwa haraka. Siku ile nilisema jambo, likasikika, likafuatwa. Nilikaa kwenye kile kiti nikanywa yale maji, kumbe kweli nilikuwa na kiu.

Fundi aliyekuja kutuunganishia kompyuta na intaneti nyumbani Manyoni aliniuliza kwa nini tumechukua mashine ya zamani namna ile. Mke wangu akamweleza habari za kibodi. Fundi akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Alisema kibodi huuzwa peke yake, na kwamba ile nene ingechomekwa kwenye kompyuta yoyote pale dukani, hata ile yenye taa. Hakuna kati yetu aliyewaza hilo. Sisi ni watu wa ng'ombe, ukipenda pembe unaondoka na mnyama mzima. Kaka alipopigiwa simu akaelezwa, alicheka na yeye mpaka akakohoa. Sikujuta. Inachelewa kuwaka na inanguruma, mke wangu ameishonea kitambaa cha kuifunika, na naipenda hivyo hivyo.

Neno la kwanza nililomwandikia mke wangu ni sukari. La pili ni nyingi. Alilisoma, akanitazama. "Muda wote huu?" akauliza. Nikaandika ndiyo. Alicheka akajishika kiuno, kisha macho yakamlowa, akaenda kuimwaga ile chai akapika nyingine. Aliporudi alikuta nimeandika asante. Nilitaka kumwandikia pia ni asante ya nini, lakini mambo yalikuwa mengi na kidole ni kimoja.

Jumapili alimwambia binti asipige simu, aandike. Tuliketi mbele ya skrini, mimi nimenyoa ndevu, kama tunangoja mgeni. Ikatokea: "Shikamoo baba."

Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki nzima. Nikatafuta M, nikaendelea taratibu mpaka A ya mwisho, mke wangu amejishika mdomo asije akanisaidia. Marahaba. Hakuna herufi iliyokosewa. Nikaituma.

Tuliona kwamba anaandika, anaacha, anaandika tena, anaacha. Kisha likaja swali: "Ni wewe baba, au ni mama?"

Sikumlaumu. Alikuwa amejibiwa na mama yake kwa muda mrefu mno. Mke wangu akanyoosha mkono aandike kwamba ni mimi kweli, nikauondoa, kwa sababu hilo nalo angedhani limetoka kwa mama. Nikakaa nikafikiri kidogo. Halafu nikaandika, na jasho likinitoka: "Sijasikia. Rudia."

Akarudia. "Shikamoo baba." Nikamjibu marahaba. Kabla sijapumzisha kidole ikaja nyingine, shikamoo baba, nikajibu, ikaja nyingine tena, nikajibu. Mke wangu akasema chakula kinapoa, akakiacha kipoe akaketi karibu yangu. Huko Mtwara binti yangu aliendelea kuzituma, na mimi, kwa kidole changu kimoja cha kushoto, niliziitika zote.