Dawa ya Generoza

Naikumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo ningepewa ruhusa ya kuifuta ningeifuta, hata kama ingefutika pamoja na miaka yote iliyoifuata. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Nilikuwa kiongozi wa vijana katika kanisa letu hapa Bangwe, na nilijiona nimeshafika.

Mmenitumia ujumbe kwamba mnakwenda porini, na mnataka nije niwaombee kabla hamjapanda boti. Nimeyaona mabegi yenu ya mgongoni na fulana zenu zilizoandikwa aya ya Zaburi. Nitakuja. Lakini wewe uliyechaguliwa kuwaongoza wenzako, keti kwanza unisikilize, kwa sababu safari hizo tulizianza sisi, na lililotokea humo hujaambiwa. Uliloambiwa ni jingine, na aliyelitunga ni mimi.

Siku zile tulikwenda mara moja kwa mwaka, vijana na watu wazima pamoja. Tulikutana Kibirizi, kule boti za dagaa zinakoshushia, tukaelekea kaskazini mpaka kijiji kimoja cha wavuvi. Tulilala hapo, na kulipokucha tukapanda milima inayoliangalia ziwa. Zilikuwa siku tatu za kutembea, kufunga na kusali. Uzuri wake siwezi kuukana. Ukisimama kule juu ukaliona Tanganyika limetulia chini yako, na milima ya Kongo ng'ambo ikionekana kwa mbali kama wingu, hata mtu asiyejua kusali husali. Nimeona mlevi akishuka mlima ule akaacha pombe moja kwa moja. Nimeona ndugu wawili waliokosana kwa ajili ya shamba wakishuka wameshikana mikono. Nami ndiye niliyekuwa mbele yao, na polepole nikaanza kudhani kwamba uzuri ule ulitoka kwangu.

Mwaka huo tulikuwa kumi na wanne. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Barnaba, Muha wa huko huko milimani, mlina asali aliyeijua kila njia na kila kijito. Mdogo wetu alikuwa Generoza, binti wa miaka kumi na tisa. Mama yake alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa amembeba mgongoni. Watoto wengine wawili walibaki njiani, na hakupenda kueleza walibakije. Aliishi Katonga, akianika na kuuza dagaa, na Generoza ndiye aliyekuwa amebaki naye duniani. Siku ya kuondoka alimleta Kibirizi mwenyewe, akaniwekea mkono wake begani.

"Kiongozi, huyu ana pumu," akaniambia. "Dawa yake anayo. Nakukabidhi wewe, na wewe nakukabidhi kwa Imana."

Imana ndilo jina Warundi walitumialo la Mungu. Nikamjibu kwa kucheka, "Usiogope, Mama Generoza. Kwa Mungu hakuna pumu."

Alicheka naye. Ee, mwanangu, alicheka.

Asubuhi ya pili, pale kijijini, niliwakusanya watu ufukweni nikawahubiria. Niliwaambia wana wa Israeli hawakwenda jangwani na mizigo ya Misri. Nikashika gunia tupu, nikasema kila mtu atie humo kitu anachokitegemea kuliko Mungu, tukiache kijijini tukichukue wakati wa kurudi. Neno hilo halikuwa katika mpango wetu. Lilinijia palepale, nikalipenda kwa sababu lilikuja na machozi. Mmoja akatia redio yake ndogo. Mwingine sigara alizokuwa akivuta kwa siri. Mama mmoja akatia saa. Watu wakawa wanalia na kupiga makofi. Gunia lilipofika kwa Generoza, akasimama, na mkononi ameshika ile dawa yake ya pumu, ile ya kuvuta kwa mdomo. Akanitazama. Alikuwa ananiuliza kwa macho.

Hapo, mwanangu, ndipo palipokuwa na nafasi ya kusema neno moja tu: hapana, hiyo kaa nayo. Lakini watu wote walikuwa wananitazama mimi, nikaona haya kuirudisha nyuma imani iliyokuwa imepanda vile. Nikasema, "Bwana anakuuliza wewe, Generoza. Si mimi."

Akaitia. Wakampigia makofi kuliko wote.

Mzee Barnaba hakupiga. Alinivuta pembeni, akaniambia taratibu, kwa ile sauti yake yenye Kiha ndani yake: "Mwana wanje, mwanangu, dawa ni ya Mungu pia. Mrudishie binti yule kitu chake. Halafu leo mimi ningemweka yeye mbele. Kundi hutembea kwa miguu ya aliye dhaifu."

Nikamwambia mzee yule, mkubwa kwangu kwa miaka thelathini na zaidi, "Mzee, imani yako ndogo itatuchelewesha." Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Siku ile sikio lilikuwa langu, ila kifo hakikuwa changu.

Tukapanda. Kiangazi kile watu walikuwa wanachoma nyasi milimani, na kadiri tulivyopanda moshi ulizidi kutushukia. Mimi nilikuwa mbele nikiimbisha. Nyuma sikutazama. Saa tano hivi Mzee Barnaba akapiga kelele kutoka chini tusimame, nikarudi nikiwa nimekasirika.

Generoza alikuwa ameketi juu ya jiwe, ameinama, mikono magotini. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka, na pumzi yake ikilia kama mlango wenye kutu. Midomo ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Mzee Barnaba akasema, "Mtume kijana mwenye mbio ashuke kijijini sasa hivi alete dawa. Na sisi tumbebe tumfuate."

Kutoka pale mpaka kijijini, kijana mwenye mbio angekwenda na kurudi kwa saa moja na nusu. Tungembeba kumfuata, tungekutana naye katikati. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi kuliko nilivyosema Baba Yetu.

Lakini nilisema, "Kwanza tuombe." Na sikusema kwa sababu ya imani, mwanangu. Nilisema kwa sababu nilijua kwamba mtu akishuka kulifungua lile gunia, mahubiri yangu yote ya asubuhi yameanguka. Tukamzunguka, tukamwekea mikono, tukaomba kwa sauti kubwa. Tulimzuia hata upepo. Katikati ya makelele yale alinishika shati, akanivuta karibu, akasema kwa vipande vipande: "Kiongozi... naomba... dawa yangu."

Nikamwambia, "Amini tu."

Akasema tena, "Naomba dawa yangu." Hilo ndilo neno lake la mwisho duniani. Mzee Barnaba alikuwa ameshachoka kuningoja, akawatuma vijana wawili bila ruhusa yangu. Waliporudi, wamelowa jasho, mmoja wao ameishika dawa ile mkononi, sisi tulikuwa tumeshamfunika kwa kitenge.

Tulimshusha kwa machela ya miti. Hakuna aliyeimba. Ndani ya boti nilikaa kwenye gubeti, mbele kabisa, mgongo nimewapa wengine, na njia nzima sikuwa namlilia Generoza. Nilikuwa natafuta maneno. Nakuambia hili ili unijue.

Jioni tulipofika Kibirizi habari ilikuwa imeshatutangulia. Mama yake alisimama ndani ya maji mpaka magotini, nguo zimelowa. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Alisema nini mwanangu?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa sijazaa. Nikamjibu, "Hakusema, mama. Aliimba. Aliimba mpaka pumzi yake ya mwisho, na uso wake uling'aa." Nikamtajia na wimbo.

Wenzangu kumi na wawili walinisikia. Hakuna aliyenipinga, kwa kuwa kila mmoja, isipokuwa Mzee Barnaba, alikuwa amepiga makofi. Mzee Barnaba alinitazama kwa muda mrefu, kisha baadaye, makaburini, akaniambia, "Neno la kweli ni lako kulisema. Sitakunyang'anya. Ila usinichelewe, mimi ni mzee."

Nilimchelewa. Uongo wangu ukaota miguu, ukatembea kuliko mimi. Wahubiri waliusimulia Ujiji, wakausimulia Kasulu, wakausimulia hata kwenye kambi za wakimbizi. Binti aliyekufa akiimba mlimani! Vijana waliokoka kwa ajili yake. Mimi nikawekewa mikono, nikawa mzee wa kanisa. Na kila Jumapili Mama Generoza aliomba wimbo ule uimbwe, akasimama peke yake mstari wa mbele, akauimba amefumba macho, halafu akaja kunipa mkono. Nilikuwa nausikia mkono ule, mgumu kwa chumvi, mpaka Jumapili nyingine. Niliacha kwenda milimani, nikasingizia goti. Nilioa, nikapata watoto, na kila mtoto wangu alipokohoa nilitoka nje ya nyumba.

Mzee Barnaba alipokuwa anakufa aliniita. Hakunikemea. Alisema, "Nimeubeba mzigo wako mpaka hapa. Sasa nautua. Mwenyewe utajua." Hata baada ya hapo nilikaa miaka miwili bila kufungua mdomo.

Mwaka juzi nilikwenda. Nilimkuta Mama Generoza nyumbani kwake Katonga, ameketi kwenye mkeka anachambua maharage, macho yameshapungua nuru. Nikamwamkia, akaniitikia kwa furaha, akataka kuinuka aniwekee kiti. Nikapiga magoti chini. Nikamwambia yote: gunia, makofi, moshi, maombi. Alisikiliza na vidole vyake viliendelea kuchambua. Nilipomaliza, vidole vikasimama.

"Kwa hiyo hakuimba?"

"Hakuimba, mama."

"Alisema nini?"

"Aliomba dawa yake."

"Mara ngapi?"

Nilitaka kusema mara moja. "Mara mbili, mama."

Alijifuta vidole kwenye kanga. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo, "Wale wawili wa njiani sikuona walivyokufa. Huyu nilijua alivyokufa. Ndilo nililokuwa nalo." Akapapasa mkeka akatafuta maharage yake. "Sasa nenda. Niache nianze kulia upya."

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani, akakaa mstari wa nyuma. Wimbo wake ulipoanzishwa hakusimama. Hakuimba tena wimbo wowote, hakunipa mkono tena, na mvua za vuli hazijaisha akafa. Majirani zake hawakujua kwa nini alikuwa ameacha kuimba. Walinialika niseme neno makaburini, na niliposhindwa kusema walidhani ni huzuni ya rafiki wa zamani.

Nilikwenda kwa mchungaji wetu, kijana mzuri, nikamweleza. Akanishika bega akasema, "Mzee, yamepita. Tusifukue makaburi." Nikarudi nyumbani. Watu husema ukweli humweka mtu huru. Labda ukisemwa mapema. Wangu nilikaa nao mpaka ukaoza, kisha nikampelekea mjane. Naomba kila siku. Nasema maneno na yanaishia hapa darini. Usinifariji, mwanangu, sikukuitia hilo. Maji yaliyomwagika hayazoleki, na mengine yalimwagwa kwa mkono wa mtu.

Nilichokuitia ni hiki. Ukifika kule, usiombe watu wakupe ushahidi wa imani yao kwa miili yao. Mwenye dawa abaki na dawa yake, na wewe uijue iko mfuko gani. Tembea nyuma, si mbele. Aliye mbele huona njia, aliye nyuma huona watu. Mtu akisema amechoka, amechoka, usimtafutie dhambi. Maombi yasiwe mahali pa kujificha usifanye jambo ambalo mikono yako inaweza kulifanya. Omba huku unakimbia. Na mbele ya wote ukijikuta umesema neno la kipumbavu, lirudishe hapo hapo, mbele ya wote. Watakucheka siku mbili. Mimi niliogopa siku mbili hizo. Na ukikosa, maana utakosa, usilale na kosa lako hata usiku mmoja. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Lakini mficha kosa, kilio humuumbua mwingine.

Sina hakika kama Mungu bado anaisikia sauti yangu, lakini baraka si mali ya anayeitamka, kwa hiyo pokea. Mungu wa milima na wa ziwa akutangulie na akufuate. Akupe sikio jepesi kwa wakubwa wako, na jicho lisilomwacha mdogo wako. Wote utakaopanda nao ushuke nao, kwa idadi ileile na pumzi zileile, na mama zao wawapokee wakiwa wanatembea. Amina, mwanangu. Nenda.