Bi Mwanakombo na Amri Zangu Kumi

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na mimi sasa ni mtu wa kusahau hata nilipoweka miwani. Ilikuwa Jumatano alasiri, Likoni, miaka ya vita vikuu vya pili. Nilikuwa binti wa miaka kumi na miwili, nimesimama uani, na watu wazima wawili wananitazama wakingoja nijibu swali moja. Nikajibu uongo. Ulikuwa uongo mfupi, lakini nimeubeba mpaka uzeeni, na ndio nataka kukusimulia.

Majuzi vijana wa kanisa letu huku Kisauni waliniuliza ni nani alinilea katika imani. Nadhani walitaka nimtaje mchungaji fulani. Nikawaambia alinilea mama yangu, akanilea Mwalimu Yona, akanilea pia Bi Mwanakombo. Mmoja akauliza kama huyo Bi Mwanakombo alikuwa mke wa mchungaji. Nilicheka mpaka nikakohoa. Bi Mwanakombo alikuwa Mwislamu, Mdigo wa Likoni, mjane mwenye shamba la mihogo na minazi michache, na hakuwahi kukanyaga ndani ya kanisa maisha yake yote.

Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la tatu. Lakini nimeuza nazi, nimejenga nyumba ya mawe kwa jasho langu, nimesomesha watoto sita. Kwa hiyo usinisome kwa kuruka mistari, ninalosema nalijua.

Watu wetu walitoka Rabai. Baba alikuwa kuli bandarini, na vita vilipoanza akachukuliwa jeshini. Tukabaki mimi na mama katika chumba cha kupanga, ukuta mmoja na Bi Mwanakombo. Haukupita muda, ikaja habari kwamba bibi yangu mzaa mama hainuki kitandani, na mama hakuwa na ndugu mwingine wa kumwuguza. Angenichukua twende wote, lakini nilikuwa katika darasa la kipaimara. Askofu alikuwa akifika kwetu kila baada ya miaka miwili, na Mwalimu Yona, mwinjilisti wetu, alikuwa na sheria isiyopinda: ukikosa Jumapili tatu, utangoja askofu arudi. Mama hakutaka nikose. Wakristo waliokuwa karibu nasi walikuwa wanaume watupu wa bandarini, wanaolala wanne chumba kimoja, na huko hangemwacha binti yake. Akanishika mkono, akanipeleka mlango wa pili.

"Dada, nakuachia mtoto," akasema. "Namwacha Mkristo. Nirudishie Mkristo."

"Wallahi utamkuta vilevile," Bi Mwanakombo akajibu. "Niambie tu anatakiwa afanye nini."

Mama akamwambia: Jumapili kanisani bila kukosa, na kila asubuhi nisome sala yangu na amri kumi kabla ya kula. Basi. Akafunga kitita chake, akaondoka.

Bi Mwanakombo hakujua amri hata moja kati ya hizo. Alichojua ni kwamba ziko kumi. Kila asubuhi aliketi juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi, uji umeshaiva, akainua mikono yote miwili na kukunja kidole kimoja kwa kila amri niliyoitaja. Vidole vikiisha, ndipo uji unapomiminwa. Jumapili alinipaka mafuta ya nazi mpaka nikang'aa kama samaki, akanivika gauni langu la pekee, akanisindikiza hadi njia panda. Wanawake wenzake walimfanyia mzaha, wakimwuliza lini atabatizwa. Akawajibu kwamba siku hiyo atapika pilau, na wao watakuja kula kama wanavyokuja kila siku.

Sasa sikia ujinga wangu. Msichana mmoja aliniambia kwamba malori ya askari yanavuka kivukoni siku za Jumapili, na huenda baba akawa ndani ya mojawapo. Jumapili hiyo nilipofika njia panda sikukata kulia kwenda kanisani. Nikashuka kivukoni. Ningeweza kukuambia kwamba siku zote nilikuwa namtafuta baba, ukanionea huruma. Ile ya kwanza, kweli, nilimtafuta. Jumapili ya pili nilikuwa nimeshagundua kwamba askari wanawatupia watoto biskuti ngumu za jeshini. Ya tatu na ya nne nilikwenda kwa ajili ya biskuti. Saa ya kutoka ibada ikifika narudi nyumbani, na Bi Mwanakombo akiniuliza mwalimu kafundisha nini, namtungia.

Ndipo ikafika Jumatano ile. Mwalimu Yona alikuja kwa baiskeli, ndani ya lile koti lake jeusi ambalo hakulivua hata jua la Januari. Alikuwa mtu mwema. Herufi ninazoandika hapa ni yeye aliyenionyesha, kwa kalamu ya kibao, akinishika vidole. Lakini tangu mama aniache kwa Waislamu, wazee wa kanisa walikuwa wananong'ona, na naye manong'ono yalikuwa yamemwingia. Alikaribishwa kiti, hakukaa.

"Mama, huyu mtoto hajaonekana kanisani Jumapili nne," akasema. "Nataka kujua ni nani amemzuia."

Bi Mwanakombo akageuka taratibu. Jumapili zote nne alikuwa amenivika kwa mkono wake.

"Raheli."

"Abee, bibi."

"Mjibu mwalimu wako."

Nikatazama vidole vya miguu yangu. "Bibi aliniambia nibaki nimsaidie shambani."

Bi Mwanakombo angeweza kuita nusu ya mtaa ije itoe ushahidi, maana majirani wote walikuwa wakiniona nikitoka nimevaa. Hakumwita mtu. Alinitazama tu. Mwalimu Yona akasema hilo alilitarajia. Akasema Jumapili baada ya ibada wazee watakata shauri, na anavyoona yeye nitapelekwa misheni ya bara, kwenye bweni la wasichana, hadi mama arudi. Kisha akapanda baiskeli yake.

Mzee Hamisi, kaka yake Bi Mwanakombo, alikuwa barazani akisuka makuti, na maneno yote yalimfikia. Akamwambia dadake hayo ndiyo malipo ya kulea mtoto wa watu, amfungie nguo zake ampeleke kwa wenyewe leo hii. Bi Mwanakombo akamwambia, "Huyu mtoto sikupewa na mwalimu, nilipewa na mamake."

Jioni nilipewa chakula kama kawaida. Hakuniuliza neno. Nikalala nikidhani limepita.

Asubuhi mikono ikainuliwa. Nikaanza kusoma, naye akaanza kukunja. Nilikwenda vizuri hadi ya nane kwa hesabu ya kanisa letu, ile ya wizi. Ya tisa ilikuwa ulimini kabisa. Nikairuka, nikasoma ya kumi, nikasema amina, nikanyoosha bakuli.

Bi Mwanakombo akatazama mkono wake. Kidole kimoja kilikuwa kimesimama.

"Hiki kina nini?" akauliza.

"Nimesahau, bibi."

"Jana ulikikumbuka."

"Leo nimesahau."

"Basi uji utakungoja. Mimi siijui amri yenu, siwezi kukusaidia."

Akafunika chungu, akaendelea kukuna nazi. Nilikaa pale jua likapanda, njaa ikaniuma, wala njaa si neno. Kilichonitesa ni kwamba yeye hakujua. Niliitafuta kejeli usoni mwake, sikuiona. Alikuwa anangoja tu amri itimie, kama alivyomwahidi mama. Mwishowe nikalia, nikaisema: kwamba mtu asimsingizie jirani yake uongo.

Mbuzi ikanyamaza.

"Kumbe na nyinyi mnayo," akasema.

Nikamwuliza kwa nini jana hakunikanusha. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno. "Ningekukanusha mimi, mjukuu wangu, ungebaki mwongo kwa mwalimu wako mpaka ufe. Nimekuachia uukanushe uongo wako mwenyewe. Lakini bweni si mbali, na Jumapili imebaki siku tatu tu."

Akamimina uji, nikala nikichanganya na machozi.

Jumapili alivaa buibui lake, tukaenda pamoja hadi kanisani, nyumba ya udongo yenye paa la makuti. Hakuingia. Aliketi nje kwenye jiwe, karibu na dirisha, miguu ameinyoosha kama mtu aliyekuja kupumzika. Sikujua kama nitaweza. Ibada ikaisha, Mwalimu Yona akawaambia watu wabaki kwa shauri la mtoto Raheli, na kabla hajaendelea nikasimama. Nikasema Bi Mwanakombo hakunizuia hata siku moja. Nikasema nilikuwa kivukoni nakula biskuti, na aliyenikumbusha amri ya tisa ni yeye asiyeijua.

Mama mmoja akacheka, akanyamazishwa. Mzee mmoja akaguna kwamba huenda nimefundishwa kusema hivyo. Mwalimu Yona alitoka nje, kofia mkononi, nasi sote tukachungulia.

"Shikamoo, mama," akasema. Na umri wao haukupishana sana. "Nimekukosea."

"Marahaba," akajibu Bi Mwanakombo, na hakuharakisha kuinuka. "Mimi nimesikia, na watu wako wamesikia. Lakini Jumatano ulisema nyumbani kwangu, na kaka yangu alikuwepo. Njoo nyumbani useme hivyo hivyo."

Alikuja kesho yake. Alimwambia Mzee Hamisi maneno yale yale, amesimama, koti lake limejaa vumbi. Shauri la bweni likafa, nikabaki na Bi Mwanakombo.

Sheria ya Jumapili tatu haikufa, hata hivyo. Askofu alipokuja, wenzangu walipiga magoti wakawekewa mikono, mimi nikiwa nyuma nimesimama. Mama aliporudi, amemzika mama yake, swali lake la kwanza lilikuwa kipaimara. Nilipomwambia, hakunipiga. Aliketi mlangoni na kitita chake kichwani bado, akasema, "Niliacha kukaa nawe miezi tisa kwa ajili ya hilo." Heri angenipiga.

Nilipata kipaimara miaka miwili baadaye. Bi Mwanakombo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa homa ya siku nne. Mama na mimi tulikaa matangani na wanawake wa nyumba ile, tukipepeta mchele. Mgeni mmoja kutoka Mtongwe, asiyenijua, aliona nalia kupita kiasi, akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Kabla sijafungua mdomo, Mzee Hamisi, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji, akamjibu, "Huyo ni mjukuu wake."

Basi, mwanangu, nasaha zangu ni hizi. Usidhani imani ya mtoto inajengwa na wenye majoho peke yao. Mwalimu Yona alinipa maneno, na namshukuru mpaka leo, lakini maneno ningeweza kuyaimba kama kasuku. Aliyenizuia nisiyaruke ni jirani aliyeshika ahadi aliyompa mama yangu. Mtazame anayekudai ukweli ukiwa na njaa, huyo anakulea, hata akisali upande tofauti na wako. Na ukimsingizia mtu, usiende kuungama pembeni kwa sauti ndogo. Rudi pale pale uliposema, mbele ya masikio yale yale yaliyokusikia. Nawe mzazi, mwanao akija na kisa kinachomchafua jirani, uliza mara mbili kabla hujapanda baiskeli.

Mungu akujalie mtu wa kukungojea mpaka umalize kusema kweli. Akupe jirani wa kumwachia mtoto wako bila kulala macho, nawe akufanye jirani wa namna hiyo. Nenda kwa amani, mwanangu, na nyumba yako isikose baraka.