Shairi la Kizungu Barazani kwa Mzee Badi

Nyinyi mliosoma Changamwe miaka ya themanini hamna haja ya kuelezwa. Viazi karai vya ukwaju wakati wa mapumziko, pilipili ikiwaka hadi masikioni. Kaptura za kaki zilizopigwa pasi ya makaa mpaka zikaweza kusimama zenyewe. Na sisi wasichana kucheza kati uwanjani, tukipigana mpira wa soksi, hadi adhana ya Magharibi itutawanye. Watoto wa leo wakikimbia kidogo wanaomba maji ya chupa.

Tulipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Bi Kadzo, mama mwembamba wa Kaloleni mwenye sauti ya kusikika madarasa yote. Siku moja aliandika ubaoni shairi la zamani la Ulaya, la zama zile washairi walipochoshwa na moshi wa viwanda wakaanza kuwasemea wanyonge wa mijini. Mshairi anatembea jijini, anaona kisima kimezungushiwa ua wa chuma, na nje wanawake wamesimama na ndoo tupu.

"Mshairi ana hisia gani?" akauliza Bi Kadzo.

Juma, mchekeshaji wetu, akasema, "Ana kiu, mwalimu. Nafikiri amepanga kwa Mzee Badi!"

Darasa likaangua kicheko, kisha likanyamaza ghafla, maana Rukia binti Badi alikuwa dawati la mbele, ubavuni mwangu. Baba yake ndiye mwenye nyumba tuliyopanga, na mfereji wa uani aliutia kufuli kila asubuhi jua likichomoza. Baba yangu alifanya kazi za usiku bandarini. Akirudi na vumbi mwili mzima, maji hakuna.

Bi Kadzo akagonga meza. "Mshairi hakumtaja mwenye kisima kwa jina. Je, aliogopa?"

Rukia akasimama, macho yamelowa. "Hakuogopa, mwalimu. Alitaka kila mwenye ufunguo ajijue."

Tukatoka darasani bila mtu kumtania.

Jioni ile Mzee Badi alikuwa barazani na kahawa yake. Alipenda mashairi kupita chakula. Mama na mimi tulikuwa nyuma ya mlango, tunachagua mchele, tukamsikia Rukia akiomba ruhusa ya kumsomea kazi ya shule. Alikuwa ameligeuza shairi lote kwa Kiswahili, na vina akavitia.

"Ahsante, mwanangu! Ahsante!" Mzee akawa anaitikia kila ubeti. Ulipofika ubeti wa ua wa chuma, akaacha kuitikia.

"Rukia!"

"Abee, baba."

"Nani katunga maneno haya?"

"Mzungu, baba. Amekufa zamani."

"Wallahi! Mzungu aliyekufa amejuaje habari za mfereji wangu?"

"Mimi nimesema kisima, baba. Mfereji umeutaja wewe."

Mama alijiziba mdomo kwa leso, lakini kicheko kikamponyoka. Nikajua tumekwisha, tutahamishwa. Mara tukasikia kicheko kingine kule barazani, kizito, kikikatizwa na kikohozi. Mzee mwenyewe!

Asubuhi kufuli halikuwepo. Baba alioga mpaka akaimba. Mtu alipouliza, Mzee Badi alijibu tu kwamba limeshika kutu.

Leo binti yangu anasoma mashairi ya namna ile. Anabonyeza simu, uchambuzi unashuka wote, dhamira na mbinu, chai haijapoa. Alama zake, mashallah, zinatushinda sisi sote. Juzi nikamuuliza, "Na hapa mtaani kwetu, shairi hili linamhusu nani?"

Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. "Mama, hilo haliko kwenye mtihani."

Nikacheka, nikamwachia simu yake. Lakini moyo ulinirudi kwenye vumbi la chaki, darasa ambamo jibu la swali liliweza kukuliza mbele ya wenzako, na jioni ukalibeba ukampelekea baba.