Ushanga wa Gauni la Mama Mdogo

Mwezi uliopita nilimkimbiza mwanangu wa mwisho hospitali, kajichomeka kipande cha sponji ya godoro puani. Daktari kijana akawasha taa, akaingiza koleo jembamba, na kabla sijamaliza kueleza akawa ameshakitoa. Mtoto akaomba juisi. Mimi nikabaki kwenye benchi la korido nimeshika pua yangu mwenyewe, nacheka peke yangu, mpaka nesi akaniuliza kama niko salama. Mawazo yalikuwa yamenirudisha milimani, juu ya Bigwa, nina miaka sita.

Nililelewa na bibi, kwa sababu mama alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa Kilombero. Shamba la bibi lilikuwa limeinama kiasi kwamba ukiangusha karoti unaifuata mpaka kwa jirani. Asubuhi ukungu ulishuka hadi mlangoni, tukanywa chai ya mchaichai kwa magimbi ya kuchemsha, kisha tukateremka kijitoni kuosha karoti za kupeleka sokoni. Maji yale, rafiki yangu! Vidole vilikufa ganzi, ukivitia mdomoni huvisikii.

Miaka hiyo ndiyo ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Watu wazima walikuwa hawajasahau kupanga foleni kwa ajili ya khanga na sabuni, mara soko la Morogoro likafurika mitumba. Mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa anajiandaa kuolewa. Siku moja akapanda mlima na gauni jeupe la harusi ndani ya mfuko wa nailoni. Sijui lilivaliwa na nani huko lilikotoka, ila shingoni lilikuwa na mstari wa shanga zenye mng'ao wa maziwa. Uzi ulikuwa umeoza. Akazifumua zote, akaziweka kwenye kisahani ili azishone upya, moja moja.

Mimi na rafiki yangu, binti wa jirani wa bondeni, tulikaa miguuni pake tunatazama. Alikuwa ananizidi mwaka mmoja, na kila mchezo alikuwa yeye mama na mimi mtoto. Baadaye akaitwa kwao. Mama mdogo akatoka kuanua nguo. Nikabaki na kisahani.

Nilitaka kuushika ushanga mmoja tu. Nikausugua shavuni, mdomoni, kwenye ncha ya pua. Ulikuwa baridi na laini. Mama mdogo akaita kutoka nje, "Wewe, unafanya nini humo?" Nikavuta pumzi ili nimjibu, nao ukaingia.

Jioni shanga zikapungua moja, pengo likaonekana katikati kabisa ya mstari. Tukapekua mkeka, tukafagia chumba. Mimi nilipoulizwa nilitikisa kichwa. Basi mama mdogo akasema, bila hasira, kama anayewaza kwa sauti, "Labda yule mwenzako kauchukua." Neno hilo likateremka bondeni haraka kuliko maji. Kabla ya giza nikasikia fimbo kwa jirani, na rafiki yangu akilia, "Sikuchukua, mama! Sikuchukua!"

Nilisikia kila kitu. Nikaendelea kula.

Siku ya pili hakuja kucheza. Ya tatu pia. Siku ya nne tundu langu la kulia likaanza kutoa kamasi ya kijani, na harufu ambayo hata mbuzi wa bibi wangeikimbia. Bibi alidhani ni mafua. Akaninusisha ugoro wake. Nikapiga chafya hadi machozi, ushanga haukutikisika. Akanilaza kichwa nyuma, akachungulia, akaona kitu kimekwama, akainuka na njiti ya ufagio.

"Mama, usimchokonoe!" mama mdogo akasema. "Kikiingia ndani zaidi je? Akikivuta kifuani?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Niliamini nitakufa, na watu watalia bila kujua mwizi ni mimi.

Mama mdogo akanibeba mgongoni mpaka zahanati ya misheni, mwendo wa saa nzima wa kuteremka. Sista aliitikia shikamoo zetu, akanikalisha mezani, akamulika tochi. "Kuna kitu cheupe," alisema. "Cha mviringo." Mama mdogo akainama kuchungulia. Nilimwona alivyoutambua ushanga wake.

"Mama yake yuko wapi?" sista akauliza.

"Kilombero, kazini."

"Basi leo mama yake ni wewe. Ziba tundu lisilo na kitu kwa kidole. Funika mdomo wake kwa mdomo wako, kama unambusu, halafu puliza kwa nguvu, mara moja."

Alinifunika. Alinukia moshi na mchaichai. Akapuliza, masikio yakaziba, hakuna kitu. Akafuta uso wangu kwa ncha ya khanga, makamasi yote yale, akarudia. Mara hii ushanga ukaruka, ukagonga aproni ya sista na kuanguka sakafuni, umebabuka, hauna mng'ao tena. Hewa ikaingia ikiuma kwa baridi.

Mama mdogo alicheka, halafu akalia kidogo. Njia nzima ya kupanda hakunigombeza. Tulipofika njia panda ya kwa jirani akaniachia mkono. "Nenda ukaseme. Nakusubiri hapa."

Nilikwenda. Jirani alikuwa anapepeta maharage, binti yake pembeni anapukuchua njegere. Nikasema, nikitazama miguu yangu, "Ushanga nilichukua mimi. Ulikuwa puani."

Jirani akaweka ungo chini. Nilikaza mwili nikisubiri kofi. Lakini alimgeukia binti yake, akamwambia mbele yangu, "Mwanangu, nilikupiga bure. Nisamehe." Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu mzima akimwomba mtoto msamaha. Rafiki yangu naye akauliza, "Sasa usiku ulikuwa unapumuaje?" Nikajua tumepatana.

Mwaka uliofuata jirani alihamia Dakawa na wanawe kulima mpunga, na rafiki yangu sikumwona tena. Bibi amelala kwenye ardhi ya ukoo wake. Zahanati ile wameijenga upya, ina geti na mlinzi. Mara ya mwisho nilipopanda, kijito kilikuwa kimeingizwa kwenye bomba, na hapo palipokuwa na jiwe letu la kuoshea karoti pana koki. Binti mmoja aliyekuwa anakinga maji akaniamkia vizuri, "Shikamoo mama. Unamtafuta nani?" Nikamtajia jina la bibi. Akafikiri kwa adabu, akatikisa kichwa, akajitwika ndoo yake.