Divai ya Koko na Birika la Mwalimu

Juzi nilitoka dukani na hasira, na hasira yenyewe ilinikaa mpaka jioni. Kisa ni chupa ya divai ya nanasi. Ilikuwa juu ya rafu katika duka moja hapa Kindu, pale unapoteremka kwenda bandarini, na karatasi yake ya rangi imebandikwa vizuri, nanasi limechorwa, na chini ya nanasi wameandika kwamba pombe iliyomo ni kumi na mbili kwa mia. Nikamuuliza kijana muuzaji, "Hii kumi na mbili, nani alipima?" Akanishangaa. "Mama, si banaandika hapo?" Nikamwambia naona wameandika, nimeuliza nani alipima, kwa moto gani, na kwa maji gani. Watu nyuma yangu wakaanza kucheka. Nikalipa, nikachukua chupa yangu, nikaondoka bila kuaga.

Usinione mkorofi, ndugu yangu unayesoma. Kama ungemjua koko wangu, mama aliyemzaa mama yangu, na wewe ungeuliza. Huyo mwanamke alikufa akiitwa Mama Maji. Na hakuwahi kutia maji katika divai yake hata siku moja ya maisha yake.

Koko alikuwa mpika divai wa avenyu yetu. Alianza zamani, na vita ilipokuja akaendelea, ingawa mji ulikuwa umefungwa kila upande. Gari la moshi halikuja. Boti zilikuwa zimelala kwenye ukingo wa mto Lualaba zikiota majani. Chumvi tulikuwa tunailamba kwenye ncha ya kidole, na sukari ndiyo kabisa, watoto wadogo walikuwa hawajui sura yake. Basi koko alitumia miwa. Tuliikamua kwa kuipondaponda kwenye kinu, mimi na ndugu zangu, mikono inanata na nyuki wanatuzunguka. Mananasi aliyaosha kidogo tu, maana alisema maganda njo, yaani ndiyo, yanaleta uchachu, ukiyasugua sana umeua kila kitu. Alikatakata, akatia kwenye nyungu, akafunika kwa kitambaa. Ukilala karibu na nyungu zile ulisikia zinanung'unika peke yao. Divai ikitulia aliihamisha kwenye damujani, ile chupa kubwa ya kioo yenye tumbo, akaziba mdomo kwa kizibo na nta ya nyuki. Nyumba nzima ilinukia nanasi, hata mashuka. Shuleni wenzangu walinizomea kwamba nanuka ulevi, nami nilijivuna.

Jirani yetu alikuwa mtu wa reli. Miaka mingi alifanya kazi ndani ya injini, na gari liliposimama alibaki na kofia yake na saa yake, anazunguka avenyu akitoa amri kwa watu wasio wafanyakazi wake. Alipomwoza binti yake alichukua divai kwa koko. Damujani zote alizochukua zilitoka nyungu moja. Damujani moja tu ya nyungu ile ile ilibaki kwetu, imezibwa.

Kesho yake ya arusi maneno yakaanza. Wakwe walisema divai ilikuwa nyepesi, wamekunywa mpaka matumbo yamejaa na hakuna aliyecheza vizuri. Jirani akasimama katikati ya avenyu, kofia kichwani, akasema kwa sauti, "Ule mama alitia maji. Mimi nilimwamini, kumbe ananiaibisha mbele ya wakwe!" Basi. Wakati ule wa njaa na woga watu walikuwa tayari kuamini chochote kibaya. Kabla ya jua kuzama wanawake mtoni walishampa jina. Mama Maji. Waliokuwa wameagiza divai wakaja mmoja mmoja kusema wameahirisha.

Koko hakugombana. Alikaa kwenye kiti chake kidogo akimenya mihogo. Mimi ndiye niliyelia kwa hasira. Nilitaka aende akamvue yule mtu kofia.

Aliyekuja kutusaidia ni mwalimu wa kemia. Alikuwa halipwi tangu vita ianze, anafundisha siku ambazo hakuna risasi, na kifaa kimoja cha shule alikuwa amekificha nyumbani kwake chini ya kitanda ili kisiibwe. Jina lake la Kifaransa lilikuwa refu, sisi tulikiita birika la mwalimu. Kilikuwa cha shaba, kidogo, unaweza kukikumbatia kama kuku. Chini kina taa ya spiriti, ubavuni kinachomekwa kipimajoto, na juu kina kikombe cha kutia maji baridi.

Mwalimu alitueleza uani, na alieleza polepole kama darasani. Maji yanachemka kwenye joto lake. Pombe inachemka mapema zaidi. Divai iko katikati yao, basi kadiri inavyochemka mapema, ndivyo ilivyo kali. "Lakini usiamini kitabu," alisema. "Kitabu kinasema maji yanachemka kwa mia. Hapa Kindu hayafiki mia. Ni lazima kwanza uchemshe maji, hapa hapa, leo leo, uone yanasimama wapi. Halafu njo unachemsha divai." Na kile kikombe cha juu? Pale ndipo penye roho ya kazi, alisema. Mvuke wa pombe ukipanda unakuta baridi, unageuka tena pombe, unarudi chini. Kikombe kikipata moto, pombe inakimbia, na kinachobaki ndani ni kama maji tu.

Siku ikapangwa. Mimi nilitumwa maji tangu asubuhi. Nilishuka mtoni na bidoni, lile dumu la plastiki, nikapita mbele ya askari waliokaa ukingoni, nikapanda nayo kichwani shingo inaniuma. Koko akayachuja, sehemu akampa mwalimu, na sehemu akaitia kwenye mtungi wa udongo kivulini ili yapoe. Maji yale ya mtungi yalikuwa ya kile kikombe. Mchana askari wakafunga njia ya mtoni, hakuna kushuka wala kupanda. Sikujali, maji yetu tulikuwa nayo.

Watu walikuja, wee! Ua ulijaa. Jirani alikuja na wakwe wawili, mashahidi wake, na saa yake mkononi. Mwalimu akachemsha maji kwanza. Zebaki ikapanda, ikasimama juu kidogo ya tisini na nane, ikakaa hapo haitikisiki. Kila mtu akapita kuangalia. Jirani akaangalia zaidi ya wote, maana mtu wa injini anajua kusoma vipimo. Akakubali kwa kichwa. Mwalimu akamwaga yale maji, pamoja na ya kikombe ambayo yalikuwa yamepata moto, akavunja nta ya damujani mbele ya macho ya watu, akajaza divai, akaomba maji baridi.

Na ndipo jirani akasema, "Mama, jua ni kali. Nipe maji ya kunywa."

Nataka uelewe vizuri. Katika nyumba ya koko, mtu akiomba maji anapewa. Haulizwi ametoka wapi wala amekuja kwa wema au kwa ubaya. Tulilelewa hivyo, na nyumba zote za avenyu zilikuwa hivyo hivyo, hata zile zilizokuwa hazisalimiani. Koko akainuka, akachota mtungini, akapiga goti kidogo kama ilivyo adabu, akampa. Jirani akanywa. Akampa mkwe wa kwanza. Akampa wa pili. Wale watu walikunywa kama ng'ombe! Nilimvuta koko kitenge, nikanong'ona, "Koko, ile ni maji ya birika." Hakugeuka. Mwalimu naye akapata ujasiri, "Mama, samahani, ile maji ni ya mashine."

"Mashine haisikie kiu, mwalimu," koko alisema. "Mutu njo anasikia kiu."

Watu wakacheka, wakampenda kwa dakika ile. Mtungi ukabaki na tope la chini. Mwalimu alizunguka nyumba za jirani akiomba, lakini kila nyumba ilikuwa na maji ya kupikia tu, tena yamekaa juani. Akarudi na kikopo cha maji ya uvuguvugu. Alitaka tuahirishe. Jirani akatazama saa yake. "Wakwe zangu wanarudi kwao kesho. Ni leo ao hapana." Mwalimu akamtazama koko. Koko akasema, "Pima, mwalimu. Divai ni ile ile."

Taa ikawashwa. Zebaki ikapanda mpaka tisini na moja, na divai ikaanza kuchemka. Tisini na moja! Niliiona kwa macho yangu. Mwalimu alipaza sauti, "Hapa, angalieni hapa!" Lakini zebaki haikusimama. Ikapanda kidogo, ikapanda tena. Kile kikombe cha juu kilikuwa kimeshaanza kutoa moshi, na harufu ya nanasi ikajaa ua wote, tamu, nzito, mpaka mama mmoja mzee akafunga macho akasema, "Hii harufu peke yake inalewesha." Watu wakavuta pumzi wakifurahi. Nguvu yote ya divai ya koko ilikuwa inaingia puani mwao, ushahidi wetu wote, nao wanacheka!

"Kipimo kinasomwa kikisimama," jirani akasema. "Kwenye injini ni hivyo. Mwalimu, si wewe mwenyewe ulisema?" Kikasimama karibu kabisa na mahali pa maji. Jirani akawaonyesha wakwe kwa kidole. Mwalimu alieleza habari ya kikombe, ya mvuke, ya baridi, jasho linamtoka, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoonekana kama mtu anayemtafutia koko njia ya kuponyoka. Watu wakatawanyika.

"Tutapima tena," mwalimu alisema. "Damujani bado iko na divai nyingi." Ni kweli, ilikuwepo. Lakini harufu ilikuwa imekwenda mbali kuliko ua wetu. Jua halijazama askari wakaingia, wanne, wanafuata pua zao. Wakachukua damujani. Mmoja akaona shaba inang'aa, akachukua na birika. Walikunywa barabarani, mbele ya nyumba ya jirani, na baada ya muda mfupi wote wanne walikuwa wamelala ndani ya mtaro, mmoja amekumbatia bunduki anamwita mama yake. Hapo kipimo kilikuwa wazi. Lakini jirani alikuwa amefunga mlango na madirisha, na avenyu nzima ilikuwa chini ya vitanda. Mwalimu alikimbilia Lubutu na familia yake, hatukumwona tena.

Koko hakupika divai tena. Nyungu zake alilowekea mihogo. Nilimuuliza mara nyingi, wakati mwingine kwa kelele ambazo mtoto hapaswi kumpigia mkubwa, kwa nini alitoa maji yale. Alijibu neno moja tu, siku zote hilo hilo. "Aliomba." Hata siku tunamzika, nilisikia nyuma yangu mtu akimwelekeza mwenzake njia, "Ni kwa matanga ya Mama Maji."

Sasa mimi ni mtu mzima, nafanya kazi ya maabara mji mwingine, na likizo hii nimerudi katika nyumba yake. Nimekuja na chombo changu cha kioo na kipimajoto. Kabla sijainunua ile chupa ya dukani nilikuwa tayari nimepika divai, kwa miwa, kwa maganda yasiyosuguliwa sana. Jana ilikuwa imetulia. Nikachemsha maji, nikaandaa jagi la maji yenye barafu, nikachemsha divai. Zebaki ikapanda mpaka tisini na moja, ikasimama. Niliitazama mpaka macho yakaniuma. Haikusogea. Nikainua kichwa nimwite mtu aje kuona, na ua ulikuwa mtupu. Pale walipojaa watu pameota majani, mtungi ulishavunjika, wakwe wale hata sijui walizikwa wapi. Ile ya dukani pia niliipima. Haikufika hata nusu ya walichoandika, na nani atawaita Watu wa Maji?

Ndipo akaingia jirani. Bado yuko hai, mzee sana, fimbo mkononi, kofia ile ile imebaki rangi ya vumbi. Alisema ameletwa na harufu. Nikampa kiti, nikammiminia divai, nikasubiri. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, nimeyatunza tangu utotoni. Akaonja. Akafunga macho.

"Mutoto wangu," akasema, "hii njo ile ya koko yako. Ile ilikuwa divai! Unajua arusi ya binti yangu? Watu walikuja wengi, wengi sana, na divai ilikuwa kali sana. Mimi na bibi yangu, mama yake binti, tukaiongeza maji, ndoo kwa ndoo, ili ifike kwa kila mutu." Akacheka mpaka akakohoa. "Na bado walikunywa! Koko yako, ule mama alijua kazi."

Nilimwangalia usoni nikitafuta aibu, au hila, au hata woga kidogo. Hakukuwa na kitu. Alikuwa amesahau. Alikuwa amesahau yote, maneno aliyosema katikati ya avenyu, jina ambalo koko alipewa kwa sababu yake, na mimi niliyekuwa nimekaa mbele yake nilikuwa mtu wa mwisho duniani anayekumbuka.

Akafuta midomo kwa mkono. "Jua ni kali leo," akasema. "Nipe maji ya kunywa."

Jagi la barafu lilikuwa karibu yangu. Nilichelewa, nakiri, nilichelewa kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha nikainuka, nikapiga goti kidogo, nikampa.