Dafu la Beiatau

Tekaai alikuwa mgema, mwana wa mgema, na kazi nyingine hakuijua. Minazi yake minane yote aliifunga makarara, machipukizi ya maua yake, akaigema, asubuhi na jioni, akiimba huko juu. Mnazi ukigemwa hauzai. Mkewe Batiria, kwa heshima Nei Batiria, alimwambia mwaka hadi mwaka, "Uache mmoja utupe madafu, bwana."

Yeye hucheka. "Dafu la nini, nawe unakunywa tembo tamu kila siku?"

Kisha mvua ikakatika kisiwani miezi kumi na mmoja. Kisima kikaingia chumvi. Maji yake ukiyanywa, kiu inazidi. Tembo lililokuwa likijaza chupa likawa linatoka tone, tone, halafu likakauka. Pipa la mvua likabaki tope. Meli ya maji ilisemwa inakuja. Ilisemwa tu.

Nei Batiria akaharisha siku mbili. Kila alichokunywa kilimtoka. Tekaai alimfinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Mkojo wake ulikuwa kidogo, rangi ya chai. Mate ya kumezea hakuwa nayo.

"Mbona huimbi siku hizi?" mkewe akamwuliza.

"Mdomo umekauka."

"Afadhali. Ulikuwa unafukuza ndege."

Madafu yalibaki mawili tu, kwa Beiatau jirani, kaka yake Nei Batiria. Binti wa Beiatau alikuwa ananyonyesha. Na huku kwetu mtu akikuomba kitu kwa kinywa chake humnyimi, hata kiwe cha mwisho. Ndiyo maana Tekaai alikuwa hajaenda.

Siku ya tatu akaenda. Beiatau alipomwona tu, akajua. Akaanza maneno mengi.

"Keti, shemeji. Uliliona lile wingu la jana? Lilikuja kutuchungulia, likaenda zake."

"Beiatau."

"Na hiyo meli, naona nahodha anaivuta kwa kuogelea."

"Shemeji, naomba dafu moja. La dada yako."

Ndani mtoto mchanga alikuwa analia, kilio kikavu. Beiatau akaingia, akaleta dafu, akampa kwa mikono miwili. Hakumtazama usoni.

Nei Batiria akaonja funda moja. "La nani hili?"

"Kunywa."

"Nimekuuliza, la nani?"

Akamwambia. Mkewe akalisukuma dafu. Akasema, "Yule mtoto anakunywa kwa mamake. Mamake atakunywa wapi? Lirudishe."

"Utakufa, Batiria."

"Lirudishe, bwana. Nakuomba."

Ameomba, kwa kinywa chake. Tekaai akalibeba lile dafu hadi kwa Beiatau, kiganja juu ya tundu, tone lisimwagike.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Nei Batiria akafa.

Walimzika nyuma ya nyumba. Tekaai hakulia. Alitaka, macho yakamchoma tu, hayakutoa kitu. Mwanamke mmoja akanong'ona, "Mzee ana moyo wa jiwe huyu." Alimsikia.

Siku ya nne baada ya maziko mvua ikanyesha. Alisimama chini ya mchirizi wa paa, akakinga viganja, akanywa mpaka tumbo likamuuma. Akaketi pale pale majini. Ndipo machozi yakaja, mengi, hayakukatika hadi jioni.

Mnazi mmoja hakuufunga tena. Umezaa. Madafu yake hayanywi.